Mlima Ndani ya Stoo

Sabina alikuwa mkalimani. Watu wa mashirika walikutana mtandaoni, mmoja Nairobi, mwingine Ulaya, wengine vijijini huku kwetu Nyanda za Juu, naye alikaa katikati yao akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Kazi yote hiyo aliifanyia kitandani, kompyuta mapajani, nguo zimesokomezwa chini ya mlango ili kelele za nyumbani zisipenye. Zilipenya. Siku jogoo wa jirani alipowika katikati ya maelezo ya daktari mmoja, na mkutano mzima ukacheka, alimwambia mumewe kwamba anataka kugeuza stoo iwe ofisi.

"Stoo ni ya mama," alisema Ambokile. "Mwombe mwenyewe." Ambokile alikuwa dereva wa lori, na kesho yake alikuwa anaondoka kwenda Tunduma.

Mama yake, Tupokigwe, alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliopita baada ya kuteleza kwenye matope ya uani. Mfupa uliunga, lakini yeye mwenyewe alibaki ndani. Aliweza kukaa kwenye kiti, na kwenda chooni akishikwa mkono. Zaidi ya hapo hakutaka. Dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jirani, na siku hizi hata habari za mtaani hakuuliza tena. Sabina alipoenda kumwomba stoo, alikuta amegeukia ukutani.

"Nyumba ni yenu," alisema. "Mimi nimekaa tu."

Jibu hilo lilimchoma Sabina kuliko kama angekataliwa. Lakini kazi ilikuwa kazi. Vikatolewa vyungu, majembe, magunia ya mbegu za viazi na kinu kilichokuja na mama mkwe wake kutoka Tukuyu alipoolewa. Mama Tupokigwe alisikiliza vitu vyake vikiburutwa koridoni.

Fundi alikuwa Jailos, jirani wa hapohapo mtaani kwao Soweto, mtu mchangamfu aliyepiga mluzi tangu asubuhi hadi anapokunja vifaa. Aliziba nyufa, akapiga lipu upya, akaweka dari, akapaka kuta zote rangi nyeupe. Dirisha la zamani la mbao lilikuwa limeoza, akaling'oa. Fremu mpya ya alumini ilikuwa bado haijakamilika kwa watengenezaji, kwa hiyo akachukua bati lililotoka kwenye paa la banda la kuku, akaziba nalo nafasi ya dirisha lisiruhusu vumbi kuingia kwenye rangi mbichi.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshachomoza vizuri, Sabina aliingia kuangalia kama rangi imekauka. Alifunga mlango nyuma yake, kwa ajili ya vumbi hilohilo, akabonyeza swichi. Umeme ulikuwa umekatika. Akasimama gizani akipapasa ukuta kwa kiganja, na macho yakaanza kuzoea.

Kwanza alidhani rangi imeharibika. Ukuta ulio mkabala na bati ulikuwa na madoa: chini bluu, katikati kijani, juu kitu kama udongo. Akasogea. Ile bluu ilikuwa na wingu. Wingu lilikuwa linatembea.

Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Sasa aliuona wote. Mlima Loleza, ule unaosimama juu ya mji wao, ulikuwa ukutani kwake, umening'inia kichwa chini, na mabonde yake na misitu yake, na mnara ulio kileleni ukielekea sakafuni kama sindano. Juu yake, karibu na dari, mjakaranda wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umechanua zambarau, na maua yakitikisika. Bajaji ikapita darini, matairi juu, ikaingia kona na kutoweka.

"Jailos!" aliita. "Jailos, njoo!"

Jailos alikuja mbio na mwiko mkononi. Sabina alimvuta ndani, akafunga mlango. Kwa muda fundi hakuona kitu. Halafu mluzi wake ulikatika.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimeweka bati tu."

Ni yeye aliyegundua lile tundu. Lilikuwa tundu la msumari, moja tu, katikati ya bati. Aliliziba kwa kidole, mlima ukazimika. Akatoa kidole, mlima ukarudi. Akarudia, tena na tena, akicheka kila mara kama mtu anayetekenywa, mpaka Sabina akamwambia aache, maana kila ulipozimika yeye aliogopa usingerudi tena.

Sabina alimpigia simu dada yake Goodness, mwalimu wa sekondari kule Iringa, akamsimulia.

"Mwanga husafiri umenyooka," Goodness alimweleza. "Unaotoka kileleni ukipita tunduni unaendelea kushuka. Unaotoka barabarani unapanda. Ndiyo maana umepinduka. Hata jicho lako liko hivyohivyo, picha inaingia kichwa chini, akili ndiyo inainyoosha." Kisha akaongeza, "Nafundisha jambo hili kila mwaka kwa kijisanduku cha karatasi. Sijawahi kusimama ndani ya sanduku, Sabina. Kukoje?"

Sabina, ambaye maneno ndiyo yaliyokuwa mkate wake, alitafuta neno katika lugha zote alizonazo, hata Kihehe cha nyumbani Kilolo, akakosa.

"Njoo," alisema.

Baada ya kukata simu alienda moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe wake. "Mama, kuna kitu stoo. Tukubebe."

"Nimeshasema nyumba ni yenu."

"Mama, nakuomba."

Walimbeba na kiti chake, Sabina huku, Jailos kule. Walipomtua katikati ya chumba na mlango ukafungwa, Mama Tupokigwe alikunja uso, tayari kulalamika. Kisha mikono yake ikashika pembe za kiti.

"Kyala!" alisema, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa. Sabina alichuchumaa pembeni yake, akamweleza aliyoyasikia kwa Goodness, kuhusu tundu, na mwanga, na jicho.

"Kwa hiyo miaka yote hii," mama alisema polepole, "mlima unaingia kwangu hivi? Kichwa chini?"

"Ndivyo anavyosema mwalimu."

Mama aliziba jicho moja kwa kiganja, akatazama, akaziba lingine. Watu walipita darini na mizigo yao, na aliyekuwa anakwenda kulia alionekana anakwenda kushoto. Ghafla akanyoosha kidole. "Yule ni Lea! Lea wa kwaya! Tazama anavyovuta mguu. Kumbe bado ana lile sweta!" Akacheka, na Sabina akakumbuka kwamba hajasikia kicheko hicho tangu mwaka uliopita.

Mchana mawingu yakaanza kushuka kutoka mlimani. Hakuna aliyetaka kutoka chumbani. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuja kwenye ukuta mweupe ikiwa pazia la kijivu, ikapanda kutoka sakafuni kwenda juu, ikameza kilele, ikameza msitu, ikafika kwenye mjakaranda. Wakati huohuo bati la paa likaanza kulia juu ya vichwa vyao. Picha ikafifia taratibu, na wote watatu wakabaki gizani wakisikiliza.

"Nimezeeka," Mama Tupokigwe alisema, "na sikuwahi kuona mvua."

Keshokutwa yake fremu ya alumini ililetwa. Jailos alisimama mbele ya bati na nyundo, akawa hapigi. Alimgeukia Sabina. Sabina akamtazama mama mkwe wake, ambaye asubuhi zote mbili alikuwa ameletwa pale.

"Tunaweza kuacha hivi, mama," alisema. "Nitaendelea kufanyia kazi chumbani."

"Mtu afanye kazi kitandani kwa sababu yangu? Toa, Jailos."

Bati lilipotoka, mwanga uliingia wote kwa mpigo, na ukuta ukawa ukuta tu, mweupe mtupu. Macho ya Sabina yalilengwa na machozi. Mama mkwe wake alikuwa amefumba ya kwake kwa ukali wa jua. Alipoyafumbua hakutazama ukutani, wala dirishani.

"Nitoeni nje," alisema.

"Tubebe kiti?"

"Nipe mkono."

Walikwenda hatua moja baada ya nyingine, kupita koridoni, kupita uani mahali alipoanguka, ambapo alimbana Sabina mkono mpaka ukamuuma, hadi getini. Lea alikuwa anapita ng'ambo. Alimwona, akatua ndoo yake barabarani na kuvuka akipiga vigelegele. Mama Tupokigwe alimnyooshea mkono asubiri kwanza. Alikuwa ameinua uso. Loleza ulikuwa mbele yake, umeoshwa na mvua, na akautazama kuanzia chini, taratibu, hadi juu.