Visigino vya Floribert

Mashamba ya mwisho ya Kashuga yalikuwa tayari nyuma yetu wakati niliuliza tunaenda wapi. Miye njo vile: nikiona watu wanatembea, nabeba mufuko wangu na kufuata.

"Kule Kingi, kwa mufumu anayepiga ramli," Floribert akajibu bila kugeuka, panga mukononi. "Atamutaja ule aliua kaka yangu."

Nyuma yake alitembea Emérence, mujane wa huyo kaka, na binti yake Noëlla wa miaka tisa. Léonard, mume wa Emérence, alianguka kule Bisie, kwenye machimbo, na muzigo mugongoni, akafa palepale, angali kijana. Alikuwa na manundu magumu nyuma ya visigino. Sasa mutoto naye alikuwa nayo. Kwa Floribert hiyo ilikuwa sumu, na sumu inatoka kwa anayepika. Mufumu akikubali, mutoto anabaki kwa ukoo, mama anafukuzwa na mawe. Mumoja aliyefukuzwa hivyo nilimukuta barabarani zamani. Hakufika mbali.

Kila tukipumuzika, Floribert alimunywesha mutoto maziwa na mawese, ati sumu itoke.

"Baba mudogo, tumbo inauma."

"Kunywa. Mama yako njo alikuharibu."

"Shemeji," Emérence akasema, "niliolewa kwenu kwa kupika ao kwa kuua?"

"Miye sijui. Toka ndoa yenu sijaonja chungu chako hata siku moja. Njo maana niko muzima."

"Njo maana uko mukondefu pia."

Floribert akaongeza mwendo.

Tulifika mutoni. Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Floribert akavua mabote yake ya mupira, ambayo siku zote hayatoki miguuni, akatangulia kuvuka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Muntu wa barabara anajua miguu ya watu kuliko sura zao. Nikaona.

Ngambo, akaketi avae.

"Acha kwanza," nikasema. "Noëlla, weka muguu wako kando ya ule wa baba mudogo."

Mutoto akaweka. Manundu yalikuwa yaleyale, ya Floribert makubwa zaidi.

"Wewe, nani alikupa sumu?" nikamuuliza Floribert.

Akasimama na panga. Emérence akamuvuta mutoto nyuma yake. Maji yalikuwa mugongoni petu, pa kukimbilia hakuna. Floribert akatuangalia mumoja mumoja, kisha akainama, akajipapasa kisigino.

"Baba yetu alikuwa nayo," akasema polepole. "Alianguka shambani, akilima."

"Alikula kwa Emérence?"

"Emérence alikuwa bado kuzaliwa."

Kingi hatukufika. Tuligeukia hospitali. Dokta Bénédicte alitoa damu ya mutoto na ya Floribert, ikatumwa Goma.

"Ni mafuta ndani ya damu, njo yanaleta manundu," akatuambia majibu yalipokuja. "Wanazaliwa nayo, inatoka kwa muzazi, hata kama mutoto ni mwembamba. Inaziba mishipa ya moyo kidogo kidogo. Na ninyi munamunywesha maziwa na mawese."

Noëlla anakunywa kidonge kila siku. Vita ikifunga barabara, anakosa. Floribert alikunywa vyake, akajisikia muzima, akaacha. Alianguka akipalilia maharagi, akafa. Emérence njo alipikia watu wa kilio, na wote walikula. Angali katika nyumba ya Léonard. Mufumu wa Kingi angali anapokea watu. Miye niko Walikale sasa, nafuata watu wengine.