Ukurasa wa Tisa

Kesho alikuwa na usaili wa kazi ya msaidizi wa mwalimu, na dada yake mkubwa alikuwa amekaza uso mezani, miwani puani, utadhani mwalimu mkuu mwenyewe.

"Leo mimi si dada yako. Haya, wasomee watoto hadithi."

Alichukua kitabu cha bata aliyepotea njia, kile alichokuwa akimsomea bintiye kila alipomlaza, mpaka walipomzika mwaka jana. Alisoma vizuri, akaiga sauti ya bata hata dada akasahau cheo chake, akaangua kicheko. Kufika ukurasa wa tisa akashusha sauti, akanong'ona, kisha akakifunga kitabu polepole.

"Ndiyo nini sasa?" dada akamaka. "Darasa zima linataka kujua kama bata alifika kwao! Alifika?"

"Sijui, dada."

"Hujui? Kitabu si chako?"

"Sijawahi kufika huko. Alikuwa akisinzia hapa."

Dada akavua miwani. Akakivuta kitabu, akatafuta ukurasa wa kumi. Karatasi zilikuwa mpya, bado zimegandana, ikabidi azitenganishe kwa ukucha.