Kidole Ndani ya Ndoo

Nesi wa zahanati alikifunga kidole gumba cha fundi seremala kilichokatwa na msumeno kwa shashi safi, akakitia kwenye mfuko wa plastiki na kuukaza. Maagizo yake yalikuwa mafupi: hospitali kubwa ni mwendo wa saa tatu, kikifika kikiwa baridi kitaungwa, kikipata joto ndiyo basi tena. Barafu haikuwepo mtaa mzima, umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Na seremala asiye na dole gumba la kulia atashika nyundo na nini?

Mkewe hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikuwa na duka la pembejeo, na miaka kumi ya kukoroga mbolea ilimfundisha kwamba urea ikiyeyuka huyanyang'anya maji joto lake, mpaka ndoo inatoka jasho la baridi. Alikwapua ndoo, dumu la maji na vifuko viwili vya punje nyeupe alivyovipima mwenyewe. Havikuwa na lebo. Wateja wakilalamika huwajibu, "Bidhaa zangu nazijua kama wanangu." Majigambo matupu, lakini nani angembishia?

Kwenye pikapu ya jirani alikoroga kifuko cha kwanza. Maji yakapoa hadi mkono ukamuuma. Akauzamisha mfuko wa kidole.

"Unaona, baba watoto? Kitafika."

"Mke wangu wewe ni kiboko," alisema fundi kwa midomo mikavu, akajitahidi kucheka.

Baada ya saa moja hivi maji yalianza kupoteza ubaridi, maana urea ikishayeyuka yote haivuti tena joto. Aliyamwaga, akatia mengine, akamimina kifuko cha pili na kuurudisha mfuko wa kidole. Papo hapo fundi akazimia. Mama wa watu alimpakata kichwa, akampepea, akamwita na kumwita mpaka akafumbua macho. Alipogeukia ndoo, ilikuwa inafuka mvuke.

Kifuko cha pili hakikuwa na urea. Ilikuwa kostiki soda, ile anayowauzia watengeneza sabuni, ambayo ikikutana na maji hutema joto. Alichomoa mfuko kwa mkono mtupu, ukamuunguza, hakujali. Aliumwagia maji yote yaliyobaki kwenye dumu, akaupuliza kama uji wa mtoto, akamlilia Mungu amrudishie dakika kumi tu. Ndani ya mfuko, alipobonyeza, kidole kilikuwa kimelainika.

Alitaka kumwambia mumewe. Safari bado ilikuwa ndefu, na hakumwambia.

Hospitalini fundi alianza kuongea akiwa bado kwenye machela. "Daktari, ondoa wasiwasi. Mke wangu amekitunza kwa baridi ya mbolea. Hujawahi kuona kitu kama hicho."

Daktari aliufungua mfuko, akatazama, akagusa kwa ncha ya glovu, akaufunga tena.

"Hiki kimeiva," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alikuwa nacho njiani?"

Fundi, aliyesikia swali tu, alimgeukia mkewe, bado anatabasamu, akingoja amjibu daktari.