Kikombe cha Pili Kwenye Fulana

Kikombe cha pili kilikuwamo katika picha ile tangu siku ya kwanza, nami sikukiona. Nakiri mapema kwa sababu kazi yangu ni kufundisha historia katika chuo kimoja hapa Moshi, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waitazame picha yenyewe kabla ya kuyaamini maneno yaliyoandikwa chini yake. Picha hii niliitazama kwa miezi mitatu. Maneno ya chini yake niliyaandika mimi.

Ni picha ya mama yangu, Bibi Nakijwa, aliyeko nyumbani kwetu Usangi, mwendo wa saa mbili kwa gari. Ana ugonjwa wa kusahau. Mdogo wangu Namkunda, anayemtunza, alimpiga picha hiyo kwa simu akiwa ameketi barazani mbele ya vikombe viwili vya chai, akanitumia. Nilimjibu kwa alama ya dole gumba. Kisha, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa kamati ya matembezi ya hisani, yale ya kuchangia utafiti wa ugonjwa huo na huduma ya ushauri nasaha kwa familia za wagonjwa, niliipeleka picha kwa mchapaji ikawekwa kwenye fulana mia nane. Chini yake niliandika: BADO ANAMWEKEA CHAI MUMEWE ALIYEFARIKI. Wajumbe walitokwa na machozi kikaoni. Michango ikaongezeka.

Usiku wa jana, mkesha wa matembezi, nilisinzia sebuleni kando ya maboksi ya fulana hizo, nikaota.

Niko uwanja wa mpira wa chuo, asubuhi, na matembezi yamekwisha kuanza bila watu. Fulana zenyewe ndizo zinazotembea, nne nne kwa safu, mikono imening'inia kwa adabu. Sikushangaa. Niliona tu kwamba zimefika kwa wakati, jambo ambalo washiriki wetu hawajawahi kulifanya.

Watu wachache waliokuja wamepanga foleni kwenye meza ya usajili. Nyuma ya meza imeketi mizani, ile ya kupimia magunia ya mahindi, imevaa beji ya kamati.

"Kanuni ya kwanza," inasema mizani.

"Naifahamu. Niliiandika mimi. Kila mshiriki atabeba jina la mgonjwa mmoja."

"Basi lete jina."

Walio mbele yangu wameyabeba kweli. Mzee mmoja ameliweka jina la mkewe begani kama gunia la maharage, na jasho linamtiririka hadi kwenye viatu. Msichana mwenye miwani amelifunga la bibi yake mgongoni kwa kanga, na kila baada ya muda analipandisha juu kidogo lisiteleze. Natia mkono mfukoni, natoa jina la mama. Ni dogo, limekauka kama ganda la karanga.

Naliweka kwenye mizani. Mshale hausogei.

"Dokta," inasema mizani kwa sauti ya chini, ili nisiaibike mbele ya watu, "hili limebebwa lini mara ya mwisho?"

"Nimelitaja katika hotuba kumi na moja."

"Sikuuliza limetajwa lini."

"Samahani, nina kikao."

"Hilo tunalijua sote," inasema mizani, na foleni nzima inaitikia kwa kichwa.

Hapa sina budi kueleza utaratibu wetu mmoja. Wako watu wanaojaza kadi za ahadi kwa furaha, wakapigiwa makofi, kisha wasionekane tena. Mimi ndiye niliyependekeza kwamba majina yao yasomwe hadharani kwenye kipaza sauti siku ya tukio. Wenzangu walisema huko ni kuwaumbua watu. Nilijibu kwamba aibu kidogo kwa ajili ya jambo jema haimdhuru mtu, na kikao kikapitisha.

Sasa kipaza sauti kinapanda jukwaani chenyewe, kinakohoa, kinajigonga mara mbili kujijaribu.

"Mabibi na mabwana, tumefikia ahadi ambazo hazijatimizwa."

Nakunja uso kando yake jukwaani, tayari kusikitika kwa niaba ya wengine.

"Mwaka huu iko moja tu," kinasema. "Dokta Sifaeli Msangi. Ameahidi: Jumamosi moja. Siku ya ahadi: Jumatatu ya Pasaka. Shahidi: dirisha la gari lake."

Dirisha la gari langu linasimama katikati ya fulana. Kona yake moja ina vumbi la barabara ya Usangi.

"Nilikuwapo," linasema. "Nilikuwa nimeteremshwa nusu. Bibi alikuwa ameshika ukingo wangu kwa vidole. Dokta alisema, 'Mama, Jumamosi nakuja tunywe chai.' Kisha akanipandisha."

"Ilikuwa namna ya kuaga tu," nasema. "Watu husema hivyo wanapoaga."

"Bibi alivitoa vidole taratibu, akaitika," linasema dirisha. "Sina la kuongeza."

Fulana mia nane zinanigeukia. Hazina vichwa, lakini nimefundisha miaka kumi na tisa, najua ninapotazamwa.

Nashuka jukwaani, na kwa kuwa ngazi ni ndefu kuliko nilivyodhani, inaishia ndani ya maabara. Ndiyo maabara tunayoichangia. Mtafiti mkuu ni birika la nyumbani kwetu, jeusi kitakoni kwa moshi wa kuni, limevaa koti jeupe na limeinamia hadubini.

"Karibu, karibu, msomi mwenzangu," linasema bila kuinua kifuniko. "Tunashukuru kwa vifaa. Njoo uone sampuli."

Nachungulia. Ni chai ya maziwa yenye mchaichai, ina utando juu.

"Imepoa mara ishirini na saba," linaeleza birika. "Kila mara ni Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi giza linapoingia. Siku nyingine za wiki mgonjwa humimina kikombe kimoja tu. Je, kamati ina maelezo?"

"Anamwekea mumewe. Imeandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye fulana."

"Chanzo?"

Neno hilo huwaandikia wanafunzi wangu pembeni mwa insha zao, kwa wino mwekundu. Sikuwahi kujua lina sauti mbaya namna hii.

"Marehemu alikuwa mnywaji wa chai?" linauliza birika.

"Hapana. Ilimpa kiungulia. Alikunywa maji ya moto, kwenye glasi."

"Ulifahamu hilo tangu lini?"

"Tangu utoto wangu."

"Na ukaandika ulichoandika."

"Kilikuwa kinagusa mioyo," nasema.

Birika linapuliza mvuke kidogo kwenye daftari lake ili wino ukauke. "Sampuli haina kasoro," linasema. "Unaweza kutoka. Mlango ni ule pale."

Mlango unatokea kwenye varanda ya huduma ya ushauri nasaha. Kuna benchi refu, na benchini kuna foleni ya watu arobaini hivi, kila mmoja ameshika namba yake. Wote ni Namkunda. Mmoja anakunja shuka mbichi. Mwingine amelala ameegemea bega la Namkunda wa pembeni.

"Shikamoo, kaka," wanasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

"Tunasubiri kusikilizwa," anajibu wa kwanza. "Kipeperushi chako kimesema walezi nao wasikilizwe. Mimi nikasema, haya, kaka ameandika mwenyewe, twende."

"Si ungenipigia?"

Benchi zima linacheka, kicheko kile cha mtu aliyefua shuka mara tatu tangu asubuhi. "Nilikupigia, kaka. Ukasema uko kwenye kikao cha kuwasaidia walezi."

"Nakumbuka kikao hicho," nasema. Kweli nilikuwa nakikumbuka. Tulijadili rangi ya fulana.

"Na habari ya vikombe nilikuambia. Nikasema, kaka, kila Jumamosi anaweka viwili, njoo uone. Unajua ulinijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Picha hiyo usiifute.'" Namkunda ananitazama kwa huruma ya kweli, kama anavyowatazama wagonjwa. "Kaka, siku hizi unasahau mno. Umeshapimwa?"

Wale wengine wananisogelea wanipe namba. Napokea. Ni namba ishirini na saba. Naketi kwenye nafasi iliyobaki, na pale ninapoketi si benchi tena. Ni ukingo wa baraza la nyumbani Usangi. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Mama yupo mbele yangu. Ni wa kitambaa, ana mkunjo kifuani pale fulana ilipokunjwa kuingizwa boksini, na maneno yangu yamelala miguuni pake kwa herufi kubwa. Anayafagia kwa ufagio wa chelewa. Hayatoki. Anapumzika kidogo, anafagia tena.

"Acha, Mama, nitayatoa mimi," nasema.

"Wewe ni nani, mwanangu?"

Nilitaka kutaja jina langu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kipaza sauti. "Mimi ni mwenyekiti," nikasema.

"Basi karibu uketi, Mwenyekiti. Ila usiguse kikombe hicho. Kina mwenyewe."

Ndipo kikombe kikanigeukia. Ni cha bati, cha bluu. "Unanifahamu?" kinauliza.

"Wewe ni kikombe."

"Cha nani?"

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na kikombe chake, wala hakuna aliyenywea cha mwenzake, hata wageni walikuwa na vyao kwenye kabati.

"Uliniangusha kwenye mawe ya mtoni ukiwa darasa la pili," kinasema kikombe. "Tazama, pengo lipo hapa, kushoto kwa mpini. Ulilia njia nzima. Mama yako akasema sitatupwa, nitakuwa chako, maana cha kwako utakijua hata gizani."

Nasogeza uso. Pengo lipo.

"Mama," nasema kwa ile sauti ya jukwaani, "huyo unayemsubiri alisema anakuja lini?"

"Jumamosi."

"Na leo ni siku gani?"

Mama ananitazama kwa uvumilivu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Leo ni Jumamosi," anasema.

"Na asipokuja?"

"Hajachelewa huyo. Yuko njiani." Anachukua kisahani, anakifunika kikombe changu ili chai isipoe. Nagusa ubavu wake kwa kidole. Ni baridi kabisa, na mkono wa mama haujakiachia kisahani.

Nikaamka.

Alfajiri ilikuwa inaingia. Boksi moja lilikuwa wazi, na fulana ya juu ilikuwa imetandazwa ingawa sikuitandaza mimi. Juu ya maneno yangu palikuwa na duara la maji, ukubwa wa kitako cha kikombe. Niliinama nikanusa. Ulikuwa mchaichai. Nyumbani kwangu hapana majani ya chai wala mchaichai; nanywa kahawa ya kopo. Niliweka kidole katikati ya duara. Kitambaa kilikuwa bado na uvuguvugu.

Nikavaa miwani, nikaitazama picha. Kikombe cha pili ni cha bluu. Kushoto kwa mpini kina pengo.

Nilimpigia simu Bi Renalda, katibu wa kamati.

"Fulana zisigawiwe," nikamwambia.

"Dokta, shikamoo kwanza. Watu mia nane watatembea na nini?"

"Marahaba. Watembee na nguo zao."

"Na mgeni rasmi nimwambieje? Kachagua hadi kofia ya kuendana!"

"Mwambie maneno yaliyo kwenye fulana si ya kweli. Yule mama hamsubiri mumewe. Anamsubiri mwanawe, aliyesema atakuja na hakwenda, na mwana huyo ndiye mwenyekiti."

Nilisikia kijiko kikigonga sufuria upande wake.

"Hilo lisemwe kimya kimya au…?"

"Lisomwe kwenye kipaza sauti. Kwa utaratibu wetu ule ule."

"Haya," akasema Bi Renalda, polepole. "Mimi nilipinga utaratibu ule, Dokta, uliandikwa hata kwenye muhtasari. Na wewe utakaa wapi ukisomwa?"

"Sitakuwapo."

Nayaandika haya barazani Usangi, siku hiyo hiyo. Nilifika saa nne asubuhi. Mama hakunitambua, alinikaribisha kama mgeni, akaniuliza natoka wapi na kama huko kwetu mvua imenyesha. Saa kumi alileta vikombe viwili. Nilipokishika cha bluu aliunyosha mkono anizuie, kisha akautazama mkono wangu kwa muda, akaurudisha wake. Akaniwekea sukari vijiko vitatu. Hakuna anayejua tena kwamba nikiwa mtoto nilikuwa nikiomba vitatu. Nikanywa, na yeye hakudai maelezo.

Bi Renalda ameandika kwamba tangazo limesomwa, na kwamba watu wametembea.

Kuanzia leo sina kikao siku ya Jumamosi. Namkunda amekwenda mazoezi ya kwaya, mara ya kwanza tangu Pasaka.