Shikamoo ya Miaka Sita

Mwezi wa mwisho wa mwaka ukishaingia katika mji wa Kashan, usimtembelee mtu bila taarifa, utakabidhiwa tambara mlangoni. Watu wa huko hawasemi wanasafisha nyumba. Wanasema wanaitikisa, na kweli wanaitikisa: mapazia chini, mazulia nje, magodoro juu ya paa, kabati linavutwa mpaka ukuta wa nyuma unaona haya. Mwaka mpya unagonga siku ya kwanza ya machipuko, na ukikukuta hujamaliza hata chumba kimoja, utasemwa mpaka mwaka mwingine.

Golandam, mwenye miaka sitini na sita na magoti mawili yasiyosikilizana, alianza na jikoni. Akashusha kila mtungi wa viungo, akaosha mtungi, akaosha kifuniko, akaosha rafu, kisha akapanda kwenye kigoda kusugua dari. Binti yake Manijeh, aliyekuja kutoka Tehran kumsaidia, alishika kigoda kwa mikono miwili.

"Mama, dari hili ulilisugua mwaka jana."

"Na mwaka jana ulikula. Mwaka huu huli?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka ng'ambo ya ua ikaja sauti ya selotepu ikivutwa, kraaa, ikakatwa, ikavutwa tena.

"Anafunga boksi lingine," akasema Manijeh.

"Nani?" akauliza Golandam, utadhani ua ule una watu ishirini.

Ua ule ulikuwa na watu wawili tu, yeye na pacha wake Mahrokh. Baba yao aliwaachia nyumba moja yenye kidimbwi cha maji katikati. Vyumba vya kaskazini vikawa vya Golandam, vya kusini vikawa vya Mahrokh, na kati ya mlango na mlango ni hatua kumi na mbili. Wote wawili ni wajane. Na walikuwa hawajasemeshana miaka sita.

Mnataka kujua kisa? Ni aibu hata kukisimulia, lakini nitakisimulia. Mwaka mpya ukigonga, kwa watu hawa mdogo ndiye anayemwendea mkubwa. Mkubwa anakaa kwake, anatandika meza, anapika chai, anangoja shikamoo. Kaka yao alipokuwa hai mambo yalikuwa mepesi. Yeye ndiye mkubwa wa wote, mapacha walitoka pamoja wakaenda kumwamkia yeye, basi. Kaka akafa. Mwaka mpya uliofuata Golandam akatandika, akakaa, akangoja. Ng'ambo ya kidimbwi Mahrokh naye akatandika, akakaa, akangoja. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila mmoja anaona moshi wa jiko la mwenzake na kila mmoja anajisemea, atakuja tu, anajua mimi ndiye mkubwa. Sikukuu zikaisha siku ya kumi na tatu, chai imemwagwa mara kumi na tatu katika kila nyumba, na hakuna aliyevuka hatua kumi na mbili.

Wangezaliwa kwetu, mmoja angeitwa Kurwa, mwingine Doto, na kesi ingefungwa kabla kitovu hakijakauka. Lakini karani aliyewaandikisha aliandika siku moja bila saa, mkunga akafa, mama akafa, na wao wakabaki na ukaidi wao.

Sasa mtoto wa Mahrokh, Kamran, anayefanya kazi Ahvaz, kule kusini kwenye joto, alikuwa ameamua kumchukua mama yake. Angekuja na gari mara tu sikukuu zitakapokwisha. Mahrokh hakutikisa nyumba mwaka ule. Alikuwa anafunga maboksi.

"Mama," Manijeh akasema, "akiondoka bila nyinyi kusemeshana, hamtasemeshana tena."

"Shika kigoda," Golandam akamjibu, na akasugua sehemu ambayo alikwishaisugua. Moyo ulikuwa unamuuma tangu aliposikia boksi la kwanza, ila asingekubali kumwambia mtu, hasa mtu aliyetoka tumboni mwake.

Baada ya jikoni wakaingia stoo, baada ya stoo chumba cha kulala, sufu ya magodoro ikatolewa, ikafuliwa, ikaanikwa mpaka paa likajaa utafikiri kondoo wamelala juu. Siku ya tatu wakatoa zulia kubwa la sebuleni. Zulia lile huwa linaoshwa uani. Unalimwagia sabuni ya unga, unalisugua kwa ufagio, kisha unakamua maji kwa kibao chenye mpini mrefu, unasukuma, unasukuma, mpaka maji yatoke meupe.

Golandam akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kusukuma. Povu likatoka zuliani, likapita kando ya kidimbwi, likaenda moja kwa moja mlangoni kwa Mahrokh.

Mlango ukafunguliwa. Mahrokh akatoka na kibao chake mkononi. Ni uso ule ule wa Golandam, pua ile ile ya baba, ila yeye alipaka hina nyweleni na mwenzake aliacha mvi. Hakumtazama mtu. Alimtazama paka aliyelala juani.

"Paka," akasema, "siku hizi maji ya watu hayajui mpaka." Na akalisukuma povu lote kurudi kaskazini.

Golandam naye akamgeukia paka. "Paka, usimsikilize. Maji hayana kosa, yanafuata mteremko. Mtu akipewa vyumba vya chini, anyamaze." Akalisukuma kusini.

"Paka, kuna mtu anasukuma maji kama anapepeta mchele. Mkono hauna nguvu. Uzee."

"Uzee wa nani, paka? Muulize mwenzako alizaliwa lini."

Manijeh aliketi ukingoni mwa kidimbwi akicheka mpaka machozi yakamtoka. Wanawake wawili wa miaka sitini na sita, miguu peku, wanarushiana povu bila kutazamana, na paka katikati akigeuza kichwa huku na huku kama hakimu. Mimi nasema walikuwa wanafurahi. Miaka sita hawakuwa wamekaa uani pamoja muda mrefu hivyo.

Ndipo Mahrokh akakanyaga povu, mguu ukateleza.

"Angalia!" Golandam akasema.

Lilimtoka tu. Neno la kwanza kwa miaka sita, na hata kijembe halikuwa. Mahrokh akashika ukuta, akasimama vizuri, akamtazama dada yake usoni. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Baada ya muda selotepu ikasikika tena, lakini polepole.

Kilichobaki kilikuwa chumba cha wageni. Ndicho cha mwisho siku zote, kwa sababu ndicho kinachochafuka kidogo na kusafishwa zaidi. Manijeh akafuta madirisha kwa gazeti, Golandam akafuta vikombe vya wageni kimoja kimoja. Pembeni lilikuwepo sanduku la bati ambalo mke wa marehemu kaka yao alilileta wakati wa baridi, alipohamia kwa watoto wake. Vitu vya baba yenu, alisema. Golandam alikuwa hajalifungua. Lakini nyumba ikitikiswa hata sanduku linatikiswa, kwa hiyo akapiga magoti, akalifungua.

Kulikuwa na miwani ya baba, koti lenye harufu ya tumbaku, na chini kabisa msahafu wa baba umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Akaubusu, akaufungua kurasa za mwanzo, na hapo akakuta mwandiko wa baba. Vizazi vya nyumba nzima vimeandikwa kwa mpangilio. Kaka yao kwanza. Chini yake: *Usiku wa theluji Mungu ametupa mabinti wawili. Golandam wakati wa adhana ya alfajiri. Mahrokh akamfuata chai ilipochemka.*

Golandam akasoma mara tatu. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha kuiba.

Mimi ndiye mkubwa. Miaka sita nasema, na mimi ndiye mkubwa, kwa mkono wa baba, ndani ya msahafu. Hakuna wa kubisha. Akainuka, magoti yakalia, akafika mlangoni na msahafu kifuani. Alikuwa amekwishapanga atakavyosema. Hata paka angemwacha leo, angesema moja kwa moja.

Ng'ambo ya ua, kwenye dirisha lisilo na pazia, Mahrokh alikuwa amesimama kati ya maboksi yake ameshika kikombe, hajui akifunge au akiache. Akakifunga. Akakifungua tena.

Golandam akasimama pale pale mlangoni. Akaona mambo yatakavyokuwa. Nikimwonyesha, atakuja. Atavaa vizuri, atavuka ua, atasema shikamoo, atakunywa chai kikombe kimoja, atakaa wima kama mgeni. Kisha atapanda gari la Kamran ameinamisha kichwa. Nitakuwa nimeshinda, na hatua kumi na mbili kutoka hapa patakuwa na chumba kitupu. Hakuitaka tena ile shikamoo. Alimtaka dada yake.

"Umepata nini humo, Mama?" Manijeh akauliza nyuma yake.

"Miwani ya babu yako," akasema, akaurudisha msahafu kwenye kitambaa chake.

Mwaka ule ulikuwa ugonge saa sita na robo mchana. Golandam alitandika vitu saba vya desturi mezani, siki, tufaha, kitunguu saumu na vingine vyote, ngano iliyochipua kwenye sahani ameifunga utepe mwekundu. Redio ikahesabu, mzinga ukalia, Manijeh akamkumbatia mama yake. Kabla hajamaliza kumbusu, mama akajitanda mtandio mpya, akachukua sahani ya biskuti za mchele na kutoka nje.

"Mama, unakwenda wapi? Wewe si unangoja watu?"

"Nimengoja vya kutosha."

Hatua kumi na mbili. Alizihesabu. Akagonga, na Mahrokh alipofungua mlango, akainama, magoti na yote.

"Shikamoo, dada. Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa, unisamehe. Sisi wadogo tuna kichwa kigumu."

Mahrokh alikuwa amevaa nguo za sikukuu, kavaa na bangili zote, na nyuma yake meza imetandikwa kati ya maboksi. Akafungua mdomo kusema marahaba. Haikutoka. Akajaribu tena.

"Inuka," akasema. "Inuka, nakuomba. Siwezi kuiitikia hiyo, si yangu. Wewe ndiye mkubwa."

"Nani kasema?"

"Mama. Kabla hajafariki. Wewe adhana, mimi chai."

Golandam akainuka polepole, sahani bado mkononi. "Ulijua? Miaka sita yote?"

"Nilijua." Machozi yakawa yanamtiririka Mahrokh bila kuyafuta. "Maisha yangu yote nimekufuata wewe. Nguo zako nilivaa mimi, viatu vyako nilivaa mimi, watu wakituita wanaanza na jina lako. Kila mwaka nasema, mara moja tu. Mara moja aje yeye kwangu. Nitamwambia ukweli hapo hapo mlangoni na tutacheka. Nawe hukuja. Mwaka wa pili nikaona aibu, wa tatu nikakasirika, basi ikawa hivyo."

"Mahrokh."

"Sema. Nitukane, nina haki ya kutukanwa."

"Nimeuona mwandiko wa baba Jumatano. Adhana na chai, imeandikwa kwenye msahafu."

Mahrokh akamtazama. "Umeuona, na bado umekuja?"

"Si ulikuwa unanitaka nije?"

Hapo wakashikana, biskuti zikamwagika zote, na paka, ambaye kwa miaka sita alibeba maneno yao bila mshahara, akajilipa.

Walipomaliza kulia Golandam akapangusa uso, akatazama chumba. Akatazama chini ya kabati. Akapitisha kidole kwenye rafu, akakiinua juu wakione wote wawili.

"Hujatikisa."

"Nitikise nyumba ya kuhama?"

"Mwaka umegonga na nyumba ya dada yangu ina vumbi. Aibu hii nitaipeleka wapi?" Akakunja mikono ya gauni lake jipya. "Shika zulia upande wa pili."

"Leo sikukuu, watu watatuona."

"Shika."

Lakini maboksi yalikaa juu ya zulia, na boksi lililojaa haliinuliwi kwa magoti kama yale. Ikabidi yafunguliwe. Manijeh alipofika akakuta vyombo vimerudi kabatini na sufuria zimerudi jikoni, simu ya Mahrokh inalia, na Mahrokh anampigia kelele mtoto wake kwa furaha.

"Maboksi mangapi? Hakuna maboksi, Kamran. Paka amelala ndani yake. Njoo unisalimie kama watu wengine, lakini anza kwa mama mkubwa, chumba cha kaskazini. Ndiyo, mkubwa. Siondoki. Nina zulia la kufua."

Wakalikunja zulia, wakalibeba begani mmoja mbele mmoja nyuma, wakafika mlangoni. Mlango ulikuwa mwembamba, nao wakageuka upande ili wapite, mara wakajikuta bega kwa bega.

"Tangulia," akasema Golandam.

"Utangulie wewe, dada mkubwa."

"Hapana, leo pita wewe kwanza."

"Haiwezekani. Nitawezaje kukutangulia wewe?"

"Sasa nimeelewa," Manijeh akasema kutoka uani, ndoo ya sabuni mkononi, "kwa nini bibi alikaa na uchungu wenu usiku kucha."

Wakaanza kucheka, zulia likawateleza mabegani, na hakuna hata mmoja aliyekubali kupita kwanza.