Zamu ya Besi

Sabuni ya kwanza aliyopika Kokwijuka baada ya kumzika mume wake iligoma kuganda. Ilikaa kwenye boksi lake la mbao siku tatu, mafuta yakielea juu, maji yamejikusanya chini, na katikati uji uji usio na jina. Akaimwaga shimoni nyuma ya migomba, akaosha boksi, akapika ya pili. Nayo ikafanya vile vile.

Wapo ambao wangeishia hapo, na nani angewalaumu? Lakini Kokwijuka alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Mwanawe Mwijage, anayefanya kazi Dodoma, alishasema tangu matangani kwamba mama hawezi kubaki Kagondo peke yake. Wakavutana kwenye simu wiki nzima, mpaka mama akamwambia: kazi yangu ikinishinda, nitakuja, nikiiweza, uniache na nyumba yangu. Mwijage, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, akakubali. Sasa mafuta yaliyobaki yalitosha kupika mara moja tu, na meza yake kwenye soko la Jumamosi kule Bakoba ilikuwa tupu wiki ya sita.

Dodoma yenyewe haikuwa na ubaya. Ila mume wake, Josia, alikuwa amelala pale pale kibanjani, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Kokwijuka hakutaka kumwacha. Ndiyo sababu, na hakuwa na nyingine.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Violeth, jirani yake, alisema kostiki soda za siku hizi, ile dawa ya kugandisha mafuta, ni feki. Wengine wakasema mawese yamechakachuliwa. Akapima upya kila kitu, mafuta, maji, kostiki, mchaichai, hata unga wa kahawa ambao haujawahi kumharibia mtu sabuni. Vipimo vilikuwa sawa. Kilichomuuma zaidi ni wazo kwamba labda miaka yote sita waliyopika pamoja, ile sabuni ilikuwa mkono wa Josia, na yeye alikuwa mshika boksi tu.

Walikuwa wakikoroga kwa kupokezana, na saa yao ilikuwa ya ajabu. Mwalimu wa semina aliyewafundisha aliwaambia dakika arobaini bila kupumzika, wala wasidanganywe na uzito, kwa sababu asubuhi ya baridi mawese huganda yenyewe, ukadhani sabuni imeiva kumbe bado. Wiki ya pili saa ya Josia ikatumbukia chunguni, kostiki ikaila. Basi wakaanza kupima kwa wimbo wa mavuno wa kwaya yao ya usharika, mke soprano, mume besi. Ukiimbwa mara nane, mwanzo hadi mwisho, sabuni tayari. Josia alizaliwa Kishanda, wilaya ya Muleba, na mkewe alimtania kwamba watu wa Muleba hata wimbo wanauswaga polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Alipobaki peke yake aliimba mara nane zile zile, akihesabu kwa punje za kahawa, na hakupunja hata moja.

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa viti vya nyuma na Violeth, maana kwenye kwaya alikuwa hajarudi. Kwaya ikasimama, ikauanza wimbo ule ule. Mkono wake wa kulia ukaanza kuzunguka juu ya paja, taratibu, kana kwamba umeshika mwiko. Soprano wakamaliza mstari wao, wakanyamaza. Wakaingia besi. Waliimba peke yao mistari minne mizima, bila haraka, huku mdomo wa Kokwijuka umefumba na mkono bado unazunguka.

Hapo ndipo alipoelewa. Kule jikoni, kila ilipofika zamu ya besi, alikuwa akiiruka. Hakukusudia. Ukimya ule ulimtisha, basi mdomo ukakimbilia mstari wake unaofuata, na wimbo ukabaki nusu. Alikuwa amekoroga nusu ya muda, na baridi ya asubuhi ikamdanganya kwamba imetosha. Akalia pale pale kwenye kiti, na Violeth akampa leso bila kumuuliza kitu.

Nje ya kanisa alimsimulia. Violeth akafikiri kidogo, kisha akatoa simu yake.

"Ma Kokwijuka, wimbo huu ninao humu. Nikutumie, usiimbe peke yako."

Alishukuru, akakataa. Ilikuwa rekodi ya mwaka juzi, na Josia alikuwemo. Hilo asingeliweza.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha. Akavaa glavu, akachanganya, akaanza. Aliimba mstari wake, akanyamaza, akakoroga. Mistari minne ya mtu asiyekuwepo ni mirefu. Mwiko ulikwaruza chungu, maji yalidondoka kutoka kwenye bati, na alitamani sana kuruka. Hakuruka. Alikuwa mara ya tatu simu ilipoita. Akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje. Ni Mwijage, anauliza sabuni imefikia wapi. Akamwambia anaikoroga, asubiri, akaendelea kuimba. Zamu yake ikaisha.

"Mama? Mama, mtandao umekata?"

Hakujibu. Alikuwa akiipitisha mistari ile kichwani, kwa mwendo wa Kishanda.

"Mama?"

"Nipo," alisema ilipokwisha. "Ilikuwa zamu ya baba yako."

Mwijage hakukata simu. Kila besi ilipofika, mama alimsikia akipumua, hadi mara ya sita, salio lake lilipoisha.

Kesho yake alikandamiza sabuni kwa kidole gumba, na kidole hakikuzama. Akaikata kwa waya, vipande ishirini na vinne. Cha kwanza siku zote kilikuwa cha Josia, ambaye angekinusa na kulalamika kwamba mchaichai haukutosha, hata siku ulipozidi. Akakiweka upande wake wa benchi. Kisha akamwandikia mwanawe kwamba imeganda, na yeye anabaki.

Jibu lilikuja wakati anavipanga vipande rafuni, vikae wiki nne vikauke kabla ya kwenda Bakoba.

"Sawa mama. Siku ukikoroga tena nipigie. Zamu ya baba tutanyamaza wote."

Akalisoma mara mbili, akaketi kwenye benchi karibu na kile kipande. Mafuta yalikuwa yameisha, na ya kukoroga tena angeyapata mpaka vipande hivi viuzwe. Wiki nne ni nyingi kwa mtu mmoja.