Mgeni Asiyesindikizwa

Jana usiku niliota Joto amekuja kwetu kama mgeni, na mimi kwa heshima zangu zote nikamtoa nje.

Nianze na mchana wake, maana bila huo hata mimi sielewi. Tunakaa Matamba, kule juu Makete, ambako mwezi wa saba maji ya ndoo yanaamka na ngozi ya barafu. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, juu bati, dari haina. Tuko wawili tu, mimi na bibi. Jana kwenye kikundi cha akina mama alikuja fundi mmoja kutueleza habari za nyumba kutunza joto. Alisema joto halitengenezwi, linahamishwa tu. Alisema linapenda kupanda juu, na linapenda kukimbilia penye baridi. Akatuonyesha picha ya kisanduku cha umeme kinachokaa ukutani kwa nje, kinachochota joto huko nje na kuliingiza ndani.

"Nje ipi, fundi?" akauliza mama mmoja. "Hii ya Matamba?"

Akina mama walicheka mpaka mkutano ukaisha. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, sikucheka. Nilikuwa nafikiria.

Jioni bibi alikusanya vitenge vyake vyote, akavitia kwenye mfuko wa salfeti, akauweka kitandani miguuni pake.

"Eufrazia," akasema, "mifupa yangu imechoka na baridi hii. Kesho Lutengano akija naondoka naye. Chimala kuna joto."

Lutengano ni baba yangu mdogo. Anauza mchele Chimala, kule chini bondeni, ambako watu wanalala madirisha wazi. Kwenye gari lake kuna nafasi ya bibi, yangu haipo, na nyumba haiwezi kuachwa yenyewe.

"Sawa, bibi," nikasema.

Mimi si mtu wa maneno. Katika dunia hii anayejua sauti yangu vizuri ni bibi. Nikalala.

Sasa nasikia hodi. Haitoki mlangoni, inatoka ukutani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," nasema, "lakini huo ni ukuta."

"Hapo ndipo ninapopitia mimi," inajibu sauti. "Kuna chakula cha mtu mmoja?"

Kuna tundu ukutani ambalo sikuwahi kuliona. Nachungulia. Nje, juu ya tofali mbili, kimekaa kisanduku cheupe. Kina feni tumboni, na feni inazunguka kwenye baridi ile bila kulalamika.

"Kuna viazi," nasema.

"Vinafaa. Mimi nakula cha mtu mmoja, naleta joto la watu watatu. Ndiyo kazi yangu."

"Hilo joto unalitoa wapi?"

"Hapa nje."

"Hapo nje kuna barafu."

"Hata kwenye barafu limo," kinasema kisanduku. "Limejificha tu. Linataka kubembelezwa."

Sielewi, lakini naona aibu kuuliza mara mbili. Napitisha bakuli la viazi tunduni. Kisanduku kinakula na maganda yake, kinarudisha bakuli, kinaanza kuunguruma. Nakisikia huko nje kikibembeleza: njoo, njoo mama, usikae peke yako kwenye majani ya viazi.

Kupitia tundu lile lile, ambalo mkono wangu ulipita kwa shida, anaingia mama mmoja mnene, amejitanda kanga, mkoba mkononi.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Joto. Nikae wapi?"

Namwonyesha kigoda. Anakaa. Kuta zinashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nageuka nimwambie bibi tuna mgeni, naona kitanda chake hakipo chumbani.

Yaani kipo, ila chumba chetu upande ule hakina ukuta tena. Kimeungana na ile barabara ya kushuka Chimala, ile ya kona juu ya kona. Kitanda cha bibi kimesimama kwenye kona ya kwanza, na yeye yumo ndani ya blanketi, mfuko miguuni.

"Bibi, mbona uko huko?"

"Ndivyo kinavyokwenda," anasema bibi. "Humo ndani baridi ikizidi kinashuka. Joto likiingia kinapanda."

"Na kikifika chini?"

"Si nitakuwa nimefika Chimala."

Anavyosema, kitanda kinapanda kinyumenyume, taratibu, mpaka kinarudi mahali pake karibu na kabati. Nafurahi. Nampa mgeni chai. Tunaongea habari za mazao. Joto anasifu nyumba yetu, anasema ina watu wastaarabu.

Kisha anaweka kikombe chini.

"Haya, mwanangu. Mimi niage."

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Unainuka naye, unampokea mkoba, unamfungulia mlango, mnakwenda naye mkiongea mpaka njiani. Ukimwacha atoke mwenyewe ni sawa na kumfukuza. Basi nainuka, napokea mkoba, ambao ni mzito na wa vuguvugu kama mtoto aliyelala. Nafungua mlango wote. Namsindikiza Joto mpaka kwenye shamba la viazi. Ananishukuru sana, ananishika mikono yote miwili, halafu anatawanyika juu ya shamba na simwoni tena.

Narudi. Chumba kimekuwa baridi kama kisima. Kitanda hakipo.

"Umefanya nini wewe?" anauliza Mlango. Ana sauti ya mzee aliyekatizwa usingizi.

"Nimesindikiza mgeni."

"Yule? Yule wa kusindikizwa?"

"Alisema anaaga."

"Kila siku anaaga! Ndiyo tabia yake. Akisikia mahali kuna baridi hatulii, lazima akapaone. Na wewe unamshikia mkoba!"

"Ningefanyaje?"

"Usiniulize mimi. Mimi nafunguliwa na kufungwa, sijawahi kuulizwa maoni."

Kutoka kona ya mbali bibi anaita kwamba miguu yake imeanza kupata joto. Sijui nifurahi au nilie. Nakimbilia ukutani, nakipa kisanduku bakuli la pili. Kinakula, kinabembeleza. Joto anaingia tena tunduni, kanga ile ile, mkoba ule ule.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Joto. Nikae wapi?"

Hanikumbuki hata kidogo. Anakaa, anakunywa chai, anasifu ustaarabu wetu. Kitanda kinapanda kona moja, kinapanda nyingine. Hakijafika bado, Joto anaweka kikombe chini, anaaga. Mimi najua. Nawaambia ukweli, najua kabisa. Lakini miguu inainuka yenyewe na mkono unapokea mkoba.

"Wewe mtoto!" anafoka Mlango nikimfungua.

"Samahani," namwambia Mlango. "Samahani," namwambia Joto, kwa sababu Mlango ameongea vibaya mbele ya mgeni. Tunakwenda mpaka shambani. Tunashikana mikono. Anatawanyika.

Nikirudi, barabara imeshuka mpaka sioni mwisho wake. Sauti ya bibi inakuja ndogo kama ya redio ya jirani.

"Eufrazia! Nimeanza kusikia harufu ya mpunga!"

Kisanduku nacho kinaniita. "Dada, kuna kingine?"

Naangalia sufuriani. Vimebaki viazi vya bakuli moja. Napitisha.

"Hivi ndivyo vya mwisho," kinasema, kinatafuna. "Nikivimaliza ninazima. Huyu nitakayemleta sasa, sitaweza kumleta tena."

Joto anaingia. Shikamoo, marahaba, nikae wapi. Anakaa, anakunywa chai. Mimi nimekaa juu ya mikono yangu, nimeikalia kabisa, isije ikapokea kitu.

"Haya, mwanangu. Mimi niage."

Naikalia kwa nguvu zaidi.

"Nasema niage."

"Nimesikia, mama."

Joto anasimama. Mimi sisimami. Kila kiungo changu kinawaka kwa aibu. Anatazama mlango, ananitazama, anatazama mlango.

"Hunisindikizi?"

"Hapana."

Neno linatoka mdomoni, linaanguka sakafuni, linabiringika mpaka chini ya kabati. Ni la kijivu, dogo kama punje ya harage. Sijawahi kulisema kwa mtu mzima. Kutoka huko bondeni bibi amelisikia.

"Eufrazia! Nani amekufundisha hivyo? Mwinue mgeni! Unaniaibisha!"

"Nikimsindikiza yeye, bibi, wewe ndiye unayeondoka."

Hata kisanduku kinaacha kuunguruma kisikilize.

"Kwani hutaki niende?" anauliza bibi.

"Sitaki."

"Mbona ulisema sawa?"

"Nilikosa neno jingine."

Kisha nasikia kitanda kinakwaruza kwenye changarawe. Kinapanda.

Lakini Joto hajakaa. Amekunja kanga yake kiunoni. "Basi kama hapa chini sina wa kunitoa," anasema bila hasira, "nitapita juu." Naye anaanza kupanda hewani, taratibu, na kigoda kinamfuata kidogo halafu kinakata tamaa.

"Panda shemeji, panda!" linaita bati kutoka juu. "Huku wazi! Hakuna dari, hakuna kizuizi! Pita shemeji!"

"Bibi!" napiga kelele. Mimi, kelele. "Anapita juu!"

Kitanda kiko kwenye kona ya juu, karibu kabisa na chumba. Bibi anakaa kitako. Anaushika ule mfuko wa salfeti aliofungia vitenge vyake vyote vya kuondokea, anaupima mkononi kidogo kama mtu anayeagana nao, anaurusha.

"Tandaza!" anasema.

Napanda juu ya meza. Natandaza kitenge kwenye boriti, na kingine, na kingine, nazifunga ncha. Kile cha msiba wa babu. Kile cha kipaimara changu. Kile chenye kuku na vifaranga, ambacho alikuwa anasema hatakivaa, ni kizuri mno. Joto anafika hapo, anagonga kichwa kwenye kuku, anasimama.

"Shemeji!" linalia bati. Sauti yake imeshakuwa ya mbali. "Shemeji, umekwama wapi? Huku juu kuna baridi!"

Joto anapapasa kitenge kimoja kimoja. Hakuna mwanya. Anashuka polepole mpaka kwenye kigoda.

"Mmeniziba," anasema.

"Samahani, mama."

"Usiseme samahani." Anafungua mkoba, anatoa leso, anajifuta shingo. "Tangu nilipozaliwa nasindikizwa. Kila nyumba wananiaga vizuri, wananishika mikono. Hakuna aliyewahi kuniambia kaa."

Nashuka mezani.

"Kaa," nasema.

Anakaa. Anavua viatu. Kitanda cha bibi kinaingia, kinagusa kabati, kinatulia, na barabara inajikunja kama mkeka na kwenda zake.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Niliangalia ukuta, hauna tundu. Niliangalia boriti, hakuna hata kitenge kimoja. Mfuko wa salfeti ulikuwa miguuni kwa bibi, umefungwa vile vile. Viazi vilikuwa sufuriani. Nikaona basi, ilikuwa ndoto, na leo bibi anaondoka. Nilikaa kitandani muda mrefu kidogo kabla sijagundua kwamba nimekaa bila blanketi.

Hodi ikapigwa. Ya mlangoni safari hii. Alikuwa baba mdogo, amevaa koti, na kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mama ameamka? Gari linanguruma huko, sitaki nilizime, lisije likagoma kuwaka na baridi hii." Alivuta kigoda, akakaa. Baada ya kidogo akavua kofia. Akafungua vifungo vya koti. "Eufrazia, na wewe unaonaje bibi yako akienda? Hujasema neno."

Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, bibi akajibu kutoka ndani ya blanketi, macho amefumba.

"Hataki. Ameshaniambia."

"Amekuambia lini?"

Bibi akafumbua macho. Akanitazama mimi, akatazama juu kwenye boriti, akatazama mfuko wake. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Sijui," akasema. "Lakini ameshaniambia. Lutengano, kazime gari lako. Kama ni joto, mbona hapa lipo?"

Baba mdogo alitoka kwenda kuzima gari huku anatikisa kichwa. Hakurudi haraka. Kisha nikasikia ananiita.

"Hebu njoo uone, mwanangu."

Nilitoka. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameinua kidevu. Jua lilikuwa bado halijavuka mlima. Mabati ya majirani yote yalikuwa yameshalowa, barafu ya alfajiri imeyeyushwa na joto la ndani, maji yanadondoka kwenye kingo. La kwetu lilikuwa bado jeupe lote kwa barafu, kavu, gumu kama lililopakwa chokaa.

"Kwa wenzenu joto limepita juu, sawa," akasema baba mdogo. "Kwenu hata kidogo halijapita. Na humo ndani mimi nimevua koti. Mlilala na moto?"

"Hatukuwasha."

"Basi nieleze."

Nilitaka kumweleza, nilikuwa na maneno yote. Lakini nikageuka nikaona tumeuacha mlango wazi, nikakimbia kuufunga.